Jalada Lililoondolewa Kabla ya Kuchapwa: Uchambuzi wa Kisa cha Batgirl Namba 41

Kuhusu kisa hiki

Kisa kinachochambuliwa hapa kilitokea Marekani mwezi Machi 2015, kati ya Ijumaa tarehe 13 na Jumatatu tarehe 16, na kinahusu jalada moja la kitabu cha katuni cha Batgirl, lililomwonyesha shujaa huyo akilia mikononi mwa mhalifu Joker, ambalo halikuwahi kufika dukani. Majina ya waandishi, wachoraji na kampuni yamebakizwa, kwa kuwa kazi zao na matamko yao yalitolewa hadharani. Wasomaji wa kawaida walioshiriki katika mjadala, wawe walilipinga jalada au walilitetea, hawatajwi, wala maneno yao hayanukuliwi, kwa sababu baadhi yao walitishiwa kwa kusema tu kwamba hawakulipenda.

Nimekichagua kwa kuwa kinasimuliwa mara nyingi na mara nyingi kinasimuliwa vibaya. Wapo wanaosema kwamba umati wa mtandaoni ulimwandama mchoraji mpaka akasalimu amri, na uhuru wa sanaa ukashindwa na kelele. Wapo wanaosema kinyume chake, kwamba wasomaji walipaza sauti, kampuni kubwa ikasikia, na haki ikatendeka. Ukiyafuata mambo hatua kwa hatua, masimulizi yote mawili yanayumba. Kosa la kwanza lilifanyika ndani ya ofisi za mchapishaji kabla msomaji yeyote hajaiona picha, na kosa la pili, ambalo naliona kubwa zaidi, lilifanyika humo humo siku ya kuiondoa.

Usuli

Batgirl anayehusika hapa ni Barbara Gordon, binti wa kamishna wa polisi wa mji wa kubuni wa Gotham, aliyeingia katika katuni za kampuni ya DC Comics mwaka 1967. Kwa miaka ishirini alikuwa shujaa wa kawaida, mchangamfu, asiye na makovu mengi. Mwaka 1988 DC ilitoa The Killing Joke, hadithi fupi iliyoandikwa na Alan Moore na kuchorwa na Brian Bolland. Humo Joker, adui mkuu wa shujaa Batman, anabisha hodi nyumbani kwa akina Gordon, Barbara anafungua mlango akidhani ni rafiki yake, na Joker anampiga risasi inayomvunja uti wa mgongo. Kisha anamvua nguo, anampiga picha akiwa amelala sakafuni katika damu yake, na picha hizo anakwenda kumwonyesha baba yake ili amtie wazimu. Hadithi haisemi waziwazi kama alimnajisi. Wasomaji wengi wameisoma hivyo, na hakuna kitu ndani yake kinachowakatalia.

Kinachoudhi wengi katika hadithi hiyo ni nafasi aliyopewa Barbara. Mateso yake yametumika kusimulia habari ya baba yake, ya Batman na ya Joker; yeye mwenyewe anaonekana katika kurasa chache, analazwa hospitali, na hadithi inaendelea bila yeye. Mwaka 1999 Gail Simone, ambaye alikuja kuwa mwandishi maarufu wa katuni, aliweka mtandaoni orodha ya wahusika wa kike waliouawa, kulemazwa au kunyang'anywa nguvu zao katika majarida ya mashujaa, na Barbara Gordon alikuwamo. Moore naye amesema zaidi ya mara moja kwamba haihesabu kazi hiyo miongoni mwa kazi zake bora. Hata hivyo kitabu hakijaacha kuuzwa, na wachoraji wengi wa kizazi kilichofuata walikulia juu ya kurasa za Bolland, zilizochorwa kwa ustadi ambao hata wanaoichukia hadithi hawaukatai.

Waliomwokoa mhusika ni waandishi wengine. Kim Yale na John Ostrander hawakukubali aachwe pale sakafuni, na mwaka 1989 walimrudisha kwa jina la Oracle, mtaalamu wa kompyuta anayetumia kiti cha magurudumu, ambaye mashujaa wenzake hawawezi kupiga hatua bila taarifa zake. Kwa zaidi ya miaka ishirini Oracle alikuwa mmoja wa wahusika wachache sana wenye ulemavu waliopewa akili, mamlaka na mapenzi katika katuni za aina hii, na wasomaji wenye ulemavu walimshika kama wa kwao. Mwaka 2011 DC ilipoanza upya majarida yake yote, Barbara alirudishwa kuwa Batgirl anayetembea, akiandikwa na Simone huyo huyo. Kwa baadhi ya wasomaji ile ilikuwa sherehe, kwa wengine ilikuwa msiba.

Mabadiliko yaliyozaa kisa chetu yalikuja Oktoba 2014, katika toleo la 35 la jarida la Batgirl. Jarida lilikabidhiwa kwa waandishi Cameron Stewart na Brenden Fletcher, pamoja na mchoraji Babs Tarr. Barbara akahamia mtaa wa Burnside, akawa mwanafunzi wa chuo mwenye simu mkononi, marafiki wengi na matatizo ya vijana wa rika lake. Akashonewa vazi jipya la ngozi lenye zipu, na buti za njano ambazo wasomaji walianza kuzinunua na kuzivaa kwenye maonyesho. Jarida lilikuwa limelenga waziwazi wasichana na vijana ambao duka la katuni halikuwa mahali pao pa kawaida.

Timu hii haikuwa ya malaika. Desemba 2014 toleo la 37 lilikosolewa vikali kwa namna lilivyomchora mhalifu mwanamume aliyejivika sura ya Batgirl, kwa kuwa wasomaji waliobadili jinsia waliona wamefanywa kituko cha kutisha. Waandishi na mchoraji waliomba radhi kwa pamoja, bila kuzungukazunguka, na kurasa husika zikarekebishwa katika kitabu kilichokusanya matoleo hayo. Tukio hilo lilitangulia kisa chetu kwa miezi mitatu tu. Wasomaji wa jarida hili walikuwa wamekwisha kujifunza kwamba ukisema, unasikilizwa, na walijifunza hivyo kutoka kwa waandishi wenyewe, wala haikuwa kwa kupiga kelele langoni mwa kampuni.

Mambo yalivyofuatana

Majarida ya katuni ya Marekani huuzwa zaidi katika maduka maalumu, na duka likishanunua nakala kwa kawaida halina ruhusa ya kurudisha zilizobaki. Mwenye duka hutazama katalogi miezi kadhaa kabla ya jarida kutoka, hukisia wateja wake watataka nini, kisha huagiza. Ndiyo maana wachapishaji hupenda majalada mbadala: jarida ni lile lile, hadithi ni ile ile, ila baadhi ya nakala zina picha nyingine ya mbele, iliyochorwa na msanii mwingine, kwa ajili ya wakusanyaji. Mchoraji wa jalada la namna hiyo mara nyingi si mmoja wa timu ya jarida, na hahitaji kujua hadithi ya ndani inahusu nini.

Juni 2015 ulipangwa kuwa mwezi wa Joker, kwa kuwa mhalifu huyo alikuwa anatimiza miaka 75 tangu alipotokea mara ya kwanza mwaka 1940. Tarehe 13 Machi DC ilitangaza majalada mbadala 25 kwa mpigo, kila moja likimweka Joker mbele ya jarida tofauti. La Batgirl namba 41 lilichorwa na Rafael Albuquerque, Mbrazili aliyekwisha kujijengea jina kwa hadithi za kutisha.

Inafaa kuitazama picha yenyewe kwa karibu, maana wengi waliojadili kisa hiki baadaye hawakuwa wameitazama. Joker amesimama sambamba na Batgirl, kama watu wanaopiga picha ya kumbukumbu. Mkono wake mmoja umepita juu ya bega la msichana, na bastola iliyo katika mkono huo inaning'inia mbele ya kifua chake. Kidole cha mkono wa pili kinaelekea shavuni, pale ambapo tabasamu jekundu limepakwa kutoka upande mmoja wa uso hadi mwingine. Batgirl amevaa vazi jipya la Burnside, lile lile ambalo wasomaji walilipenda. Macho yamemtoka, machozi yanamtiririka, na mwili wake hauonyeshi dalili yoyote ya kujitetea. Ni mchoro mzuri, ukiutazama kwa jicho la ufundi: mwanga, rangi na mpangilio wa sura mbili vinakufanya uhisi ubaridi mgongoni. Ni mchoro pia unaomrudisha shujaa wa jarida kwenye siku aliyofungua ule mlango.

Mwishoni mwa juma hilo wasomaji walianza kuandika kwenye Twitter na Tumblr kwa alama ya reli #changethecover, wakiiomba DC isilitoe jalada hilo. Machapisho hayo yalikuwa makumi, hayakuwa mafuriko yanayoelezwa siku hizi. Hoja zilitofautiana. Wengine walisema picha inakumbusha unyanyasaji wa kijinsia mbele ya jarida linalonunuliwa na mabinti, wengine walisema haifanani kabisa na jarida, na wengine walikuwa wamechoka tu kuona kila mtu akiikumbuka hadithi ya 1988 na kuisahau miaka ishirini ya Oracle.

Upande wa pili nao ulijitokeza, ukitetea jalada na kulaani kile ulichokiita udhibiti wa sanaa. Tangu Agosti 2014 kulikuwa na vita vya mtandaoni kuhusu wanawake na michezo ya kompyuta, vilivyojulikana kama GamerGate, na baadhi ya askari wa vita hivyo walihamia huku. Hapo ndipo vitisho vilipoanza, navyo viliwaangukia watu waliolipinga jalada.

Cameron Stewart alieleza hadharani kwamba hakuna yeyote katika timu ya Batgirl aliyekuwa ameliona jalada hilo wala kuliidhinisha kabla halijatangazwa, na kwamba lilikwenda kinyume na kila walichokuwa wakikifanya. Jumatatu tarehe 16 Albuquerque alitoa tamko kwamba ameishauri DC iliondoe jalada, na DC ikatangaza siku hiyo hiyo kwamba imekubali ombi lake.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa mchoraji wa kuchora alichochora unaeleweka kirahisi kuliko wengi wanavyotaka kukiri. Mtu ameagizwa kumweka Joker kwenye jalada la Batgirl. Katika historia nzima ya wahusika hao wawili kuna tukio moja linalojulikana na kila msomaji, na tukio hilo limo katika kitabu ambacho kampuni iliyomwajiri imeendelea kukichapisha tangu 1988 kama hazina yake. Katika tamko lake Albuquerque alisema alikusudia kukienzi kitabu anachokistahi, na kwamba kisanii hakuona njia ya kulikwepa jeraha lililo kati ya wahusika hao. Ningeweza kumbishia kwamba njia zilikuwapo. Mchoraji mwenye kipaji chake angeweza kumchora Joker akistaajabu kumwona Barbara amesimama. Lakini sioni nia mbaya, wala sioni uvivu.

Uamuzi wa mchapishaji ni habari nyingine. DC iliagiza majalada 25 kama fungu moja la biashara, ikayapitisha kama fungu moja, ikayatangaza kama fungu moja. Sababu iko wazi: sherehe ya mhalifu inauza vizuri zaidi ikionekana ukutani yote kwa pamoja. Utaratibu huo unafaa kwa majarida mengi, kwa kuwa picha ya Joker akimcheka shujaa mwingine haigusi kidonda chochote. Kwa Batgirl ulikuwa unagusa kidonda kikubwa kuliko vyote alivyo navyo, tena katika jarida ambalo kampuni yenyewe ilikuwa imetumia miezi kadhaa kulitangaza kuwa limefungua ukurasa mpya. Kulikuwa na watu wawili au watatu ambao wangeliona tatizo hilo kwa mtazamo mmoja, nao ni waandishi na mchoraji wa jarida, lakini utaratibu haukuwa na hatua ya kuwaonyesha.

Uamuzi wa kuondoa ulitoka kwa mchoraji, kwa maneno yake mwenyewe. Alisema kwamba kwake lilikuwa jalada la kutisha tu lililogusa jambo la zamani la mhusika, kwamba ameona limewagusa wengine mahali penye maumivu, kwamba hakuna maoni yanayostahili kudharauliwa hata kama mjadala wenyewe una makosa, na kwamba hakukusudia kumwumiza mtu kwa sanaa yake. Hakusema amekosea kuchora. Hakusema pia kwamba alilazimishwa. Alitofautisha nia yake na matokeo ya kazi yake, akachagua.

Uamuzi wa mwisho ulikuwa wa maneno. Tamko la DC lilianza kwa kueleza kwamba kampuni huchapisha hadithi za mashujaa wakubwa na wahalifu waovu kupindukia. Likaendelea kusema kwamba, wapende wasipende mashabiki heshima hiyo kwa The Killing Joke, au hata waone hailingani na sauti ya sasa ya jarida, vitisho vya vurugu na unyanyasaji havina nafasi katika katuni wala katika jamii. Likamalizia kwamba kampuni inasimama na wasanii wake na kwamba, kwa ombi la Albuquerque, jalada halitachapishwa. Kila kipande cha tamko hilo, kikisomwa peke yake, ni kweli. Vikisomwa kwa pamoja vinadanganya, na nitarudi hapo.

Matokeo

Batgirl namba 41 ilitoka Juni 2015 bila jalada lile. Kwa kuwa tangazo lilikuwa la miezi mitatu mbele, hakuna aliyelazimika kuteketeza marundo ya nakala, na duka halikupata hasara ya kitu kilichokwisha kulipiwa. Picha yenyewe haikupotea. Ilisambaa mtandaoni kwa kadiri ambayo jalada mbadala la kawaida halisambai, na hadi leo anayeitafuta anaipata kwa sekunde chache. The Killing Joke iliendelea kuuzwa, na Julai 2016 ilitolewa kama filamu ya katuni. Anayesema hadithi hiyo ilipigwa marufuku na umati hana ushahidi wa kuonyesha.

Kuhusu mchoraji, mwaka uliofuata unaeleza mengi. Novemba 2015 alianza mfululizo mpya na mwandishi Mark Millar. Julai 2016 DC ilipolianzisha upya jarida la Batgirl kwa toleo namba 1, lililoandikwa na Hope Larson, mchoraji wa kurasa za ndani alikuwa Rafael Albuquerque. Wasomaji wa jarida lile lile waliletewa mkono ule ule, safari hii ukimchora Barbara akisafiri Japani na kupigana kwa nguvu zake.

Matokeo yaliyokuwa mabaya yalitua kwingine. Saa chache baada ya matamko ya tarehe 16, watu wengi walielewa kwamba Albuquerque ametishiwa maisha na ndiyo maana amejitoa. Albuquerque na Stewart walilazimika kusahihisha: mchoraji hakutishiwa, waliotishiwa ni wapinzani wa jalada. Masahihisho hayakuwahi kulifikia kosa. Miaka kumi baadaye bado utamkuta mtu anayesimulia habari ya mchoraji aliyeokoa roho yake kwa kufuta mchoro, na waliotishiwa kweli ndio wanaotajwa kama watishaji.

Uchambuzi: uhuru wa nani?

Anayetetea uhuru wa sanaa katika kisa hiki anapaswa kwanza kueleza ni uhuru wa msanii yupi. Albuquerque hakuwa mwenye mchoro kwa maana ya sheria na biashara. Alikuwa amepewa kazi na kampuni inayomiliki wahusika, na kampuni ndiyo yenye kauli ya mwisho kuhusu nini kichapwe. Stewart, Fletcher na Tarr nao ni wasanii. Walikuwa wamelijenga jarida kwa sauti fulani, na mtu mwingine akabandika mbele yake picha inayosema kinyume. Uhuru wao haukutajwa karibu kabisa na wale waliojiita watetezi wa sanaa, ingawa jalada lilikuwa linakwenda kukaa juu ya kazi yao, na majina yao yakiwa juu yake.

Halafu kuna uhuru wa msanii kubadili nia. Mchoraji anayesema, baada ya kusikiliza, kwamba hataki kazi yake itumike mahali fulani, ameutumia uhuru wake. Waliodai kwamba alipaswa kuiacha ichapwe ili kuwakomoa wapinzani walikuwa wanamtaka awe bango la vita vyao. Ni kweli kwamba shinikizo linaweza kugeuka kuwa kulazimishwa, na mpaka kati ya viwili hivyo hauonekani kirahisi kwa aliye nje. Hapa tunacho kipimo kizuri, ambacho ni maneno ya mhusika aliyoyatoa siku ile na mwenendo wake baada ya pale, na vyote viwili vinaonyesha mtu aliyeamua.

Udhibiti wenyewe nao unastahili kuitwa kwa jina lake pale ulipo. Tasnia ya katuni ya Marekani imewahi kuujua. Mwaka 1954, baada ya vikao vya kamati ya Seneti kuhusu katuni na uhalifu wa vijana, wachapishaji waliunda chombo cha kukagua kila ukurasa, na jarida lisilo na muhuri wake lilikosa mahali pa kuuzwa. DC iliachana na muhuri huo Januari 2011 tu. Afrika Mashariki tunaujua kwa sura kali zaidi: Januari 2015, wiki chache kabla ya kisa hiki, serikali ya Tanzania ilizuia gazeti la The EastAfrican kusambazwa nchini kwa hoja ya usajili. Msomaji anayeandika kwamba picha fulani imemuumiza hana muhuri, hana polisi na hana sheria ya usajili. Anacho kinywa tu. Kumweka kundi moja na kamati ya 1954 ni kuwapunguzia uzito waliodhibitiwa kweli.

Hilo halimaanishi kwamba wasomaji wenye hasira huwa sahihi. Hoja kwamba picha yoyote ya mwanamke anayeogopa ni chukizo ingeua nusu ya hadithi za kutisha, na wapo waliokaribia kuisema. Hoja yenye nguvu ilikuwa nyembamba zaidi: picha hii, ya mhusika huyu, kwenye jarida hili, kwa wasomaji hawa. Ingewekwa kwenye jalada la toleo jipya la The Killing Joke, naamini isingeleta mjadala wowote, na ingestahili kuwekwa hapo. Waliosema hivyo mtandaoni walisikika kidogo kuliko waliopaza sauti kwa maneno makubwa, na hii ni hasara ya kawaida ya mabishano ya herufi 140, kama zilivyokuwa siku zile.

Uchambuzi: tamko lililoharibu

Tuirudie sentensi ile ya DC. Inataja vitisho bila kusema nani alitisha na nani alitishwa. Inavitaja katikati, baada ya kuzungumzia mashabiki wasiolipenda jalada na kabla tu ya kutangaza kuondolewa kwake. Msomaji yeyote wa kawaida ataziunganisha sehemu hizo tatu: hawakulipenda, wakatishia, likaondolewa. Aliyeandika huenda alikusudia kuwatetea watu wote kwa pamoja bila kuchukua upande. Matokeo yake yalikuwa kuwachongea waliokuwa wakiteswa.

Ilikosekana sentensi moja tu ya wazi, inayosema kwamba wanaotishiwa ni waliotoa maoni dhidi ya jalada na kwamba mchoraji hakutishiwa. Sentensi hiyo ingechukua mstari mmoja na nusu. Ilikosekana pia sentensi nyingine, ngumu zaidi kwa kampuni kuiandika, inayokiri kwamba jalada liliagizwa na kutangazwa bila kushauriana na timu ya jarida. Badala yake, jina lililobebeshwa uamuzi mzima ni la mchoraji. Kampuni ilisema inasimama na wasanii wake, huku imejificha nyuma ya mmoja wao. Waliotaka jalada walipata mtu wa kumwita mwoga, na waliolikataa walikuwa na mtu wa kumlaumu tangu Ijumaa. Aliyeagiza na aliyeidhinisha hawakujulikana kwa jina na hakuna aliyewauliza.

Uchambuzi: kilichofaa na kilichobaki

Tamko la Albuquerque ndilo jambo lililofanywa vizuri kuliko yote katika kisa hiki, na linafaa kusomwa na kila msanii anayefanya kazi hadharani. Halikuomba radhi kwa kosa ambalo mwandishi wake hakuamini amelitenda, wala halikuwatukana waliomkosoa. Wepesi wa uamuzi nao ulisaidia: siku tatu hazitoshi hasira kugeuka biashara. Tunaweza kulinganisha na jalada mbadala la Spider-Woman namba 1 lililochorwa na Milo Manara na kutangazwa na Marvel, kampuni shindani ya DC, mwaka 2014, ambalo lilikosolewa kwa jinsi lilivyomlaza shujaa kama kahaba wa gazetini. Marvel ililichapa. Mwaka uliofuata mchoraji Frank Cho alianza kuwachora mashujaa wengine wa kike katika mkao ule ule, akizichokoza hasira zilizobaki, na michoro hiyo ikapata wanunuzi wake. Hapo ghadhabu ilikuwa imekwisha kupewa bei.

Utaratibu wa kuagiza majalada mbadala ndio uliostahili kubadilishwa, na dawa yake haina siri. Mhariri wa jarida, pamoja na waandishi wake, waonyeshwe rasimu ya jalada mbadala mapema, wakati mchoraji bado ana penseli mkononi na anaweza kuelekezwa upya bila aibu. Rasimu iliyokataliwa ofisini hulipwa, huwekwa kabatini, na pengine hupata nyumba nyingine inayoifaa. Albuquerque angeichora picha yake ya pili kimya kimya, kama wachoraji wa majalada wanavyofanya kila wiki, na Batgirl namba 41 ingemsherehekea Joker kama majarida mengine 24.